Ini Linalobaki: Mambo Yanayoathiri Maisha Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Ini

Waraka huu ni kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili katika mkoa wa Stockholm, ambamo mmoja wa jamaa amefanyiwa au anatarajia kufanyiwa upasuaji wa saratani ya ini. Unahusu saratani iliyoanzia ndani ya ini lenyewe. Ile iliyosambaa hadi kwenye ini kutoka utumbo mpana au kiungo kingine ina matibabu na ufuatiliaji wake, na haizungumziwi hapa. Siku za wodini na utunzaji wa kidonda pia hazielezwi, kwa kuwa hospitali hutoa maelekezo hayo kabla ya mgonjwa kuruhusiwa. Kinachoelezwa ni miaka inayofuata.

Uvimbe na ini lililouzaa

Ini lina sifa isiyopatikana katika viungo vingine vikubwa vya ndani. Likikatwa sehemu, sehemu iliyobaki hukua na kurudisha sehemu kubwa ya ukubwa wake katika muda wa wiki na miezi michache. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji katika Hospitali ya Karolinska huko Huddinge anaweza kurudi nyumbani, akapata hamu ya chakula, akaongezeka uzito, na majirani wakamwambia amepona. Mara nyingi ni kweli kwamba uvimbe umeondolewa wote. Lakini ini linalokua upya ni lile lile lililokuwepo, pamoja na makovu yake na virusi vyake kama vilikuwamo. Kisu cha daktari huondoa uvimbe. Maradhi yaliyouzaa hubaki ndani ya ini mpaka yatibiwe kwa njia nyingine.

Hii ndiyo sababu saratani ya ini hurudi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Miongoni mwa wagonjwa waliokatwa sehemu ya ini, idadi ya wanaopata uvimbe tena ndani ya miaka 5 inaweza kufikia 70 kati ya kila 100. Takwimu hiyo hutisha, na hospitali nyingine husita kuitaja siku za mwanzo. Inafaa ijulikane, kwa sababu kurudi kwa uvimbe si lazima kuwe mwisho wa matibabu. Uvimbe mdogo ulioonekana mapema unaweza kukatwa tena, kuunguzwa kwa joto kupitia sindano nyembamba, kuzibiwa mishipa inayoulisha, au kumfanya mgonjwa afikiriwe kupandikizwa ini jingine. Uvimbe ulioachwa hadi ukaleta maumivu na kukonda huacha njia chache.

Madaktari hutofautisha aina mbili za kurudi. Ya kwanza hutokana na chembe za uvimbe wa awali zilizokuwa zimekwisha kutawanyika ndani ya ini kabla ya upasuaji. Hiyo hujitokeza zaidi katika miaka 2 ya mwanzo. Ya pili ni saratani mpya kabisa, inayozaliwa katika ini ambalo bado linaugua, na inaweza kutokea miaka mingi baadaye. Ya kwanza mgonjwa hana uwezo mkubwa wa kuizuia. Ya pili, kwa sehemu kubwa, inategemea jinsi ini lililobaki linavyotunzwa.

Yaliyokwisha kuamuliwa siku ya upasuaji

Wiki chache baada ya upasuaji, maabara hutoa majibu ya kipande kilichokatwa. Majibu hayo yana uzito kuliko hisia yoyote ya mgonjwa. Hueleza ukubwa wa uvimbe, kama ulikuwa mmoja au zaidi, kama chembe zake zilikuwa zimeingia kwenye mishipa ya damu, na kama ukingo wa kipande ulikuwa safi. Uvimbe mmoja mdogo usiogusa mishipa una matarajio mema zaidi. Chembe zilizoingia kwenye mishipa, hata kama zinaonekana kwa darubini tu, huongeza hatari ya kurudi, na daktari anaweza kupanga picha za mara kwa mara zaidi kwa sababu hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa majibu haya kwa lugha anayoielewa, na anashauriwa kuyaomba asiposikia lolote.

Wengine hawakatwi sehemu bali hupandikizwa ini zima. Upandikizaji wa kwanza wa ini nchini Uswidi ulifanyika Huddinge mwaka 1984 chini ya Profesa Carl-Gustav Groth, na leo hospitali hiyo ni moja ya mbili zinazofanya kazi hiyo nchini. Nyingine iko Göteborg. Mwaka 1996 madaktari wa Milano, Italia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 waliochaguliwa kwa kanuni rahisi: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vimbe zisizozidi 3, kila moja isizidi sentimita 3. Miaka 4 baadaye, 75 kati ya kila 100 walikuwa hai. Tangu hapo nchi nyingi zimejenga taratibu zao juu ya msingi huo. Faida ya upandikizaji ni kwamba ini lenye makovu huondoka pamoja na uvimbe. Gharama yake ni dawa za kupunguza kinga ya mwili, zinazomezwa kila siku maisha yote.

Makovu

Ini lililoumizwa kwa miaka mingi na virusi, pombe au mafuta hujaa makovu na kuwa gumu. Hali hiyo huathiri mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hupunguza kiasi kinachoweza kukatwa: mwenye ini zima huweza kuishi kwa takriban robo ya ini lake, lakini mwenye makovu huhitaji kubakiwa na kiasi cha asilimia 40. Pili, makovu yenyewe ni shamba ambamo saratani mpya huota. Wapo wagonjwa wanaofariki bila uvimbe wowote kurudi, kwa sababu ini limeshindwa kufanya kazi. Kwa hiyo daktari anapouliza kuhusu tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, au usingizi usio wa kawaida mchana, haulizi mambo ya pembeni.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kuchanganyikiwa ghafla ni dharura, na simu ya kupiga ni 112. Macho kuwa ya manjano, homa, au tumbo kujaa kwa siku chache humtaka mgonjwa ampigie muuguzi wake au namba 1177, inayopokewa mchana na usiku.

Homa ya ini B

Kwa familia zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo, sababu kubwa ya saratani ya ini ni virusi vya homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivyo. Wengi wa Afrika huambukizwa wakati wa kuzaliwa au katika utoto mdogo, na virusi hukaa mwilini miaka 30 au 40 bila dalili yoyote. Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto wachanga nchini Kenya, Tanzania na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo, kwa kawaida, hakuipata.

Saratani inayotokana na virusi hivi ina tabia inayowashangaza hata wahudumu wa afya wa Ulaya. Huweza kumpata mtu mwenye umri wa miaka ya arobaini, au chini ya hapo, na huweza kuota katika ini lisilo na makovu. Mwanamume wa miaka 42 anayefanya kazi ya udereva wa basi, asiyekunywa pombe wala kuumwa, haonekani kuwa mgonjwa wa ini. Ndiyo maana wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Baada ya upasuaji, matibabu ya virusi ni miongoni mwa mambo machache yaliyothibitishwa kupunguza kurudi kwa saratani na kurefusha maisha. Dawa zinazotumika zaidi ni entekavia na tenofovia, kidonge kimoja kwa siku. Hazivifukuzi virusi vyote mwilini, bali huvilaza usingizi; navyo vikilala, ini hupata nafasi ya kupona na hata makovu hupungua. Kasoro yake ni kwamba mgonjwa hahisi tofauti anapozimeza wala anapoziacha. Hapo ndipo hatari ilipo. Anayeacha kidonge kwa sababu anajiona mzima anaweza kupata mlipuko wa virusi miezi michache baadaye, na ini lililokatwa halina akiba ya kuustahimili. Dawa hizi haziachwi mpaka daktari aseme. Kuomba na kuombewa hakugombani nazo, na kiongozi wa dini mwenye busara hatamtaka mgonjwa aziache ili kuthibitisha imani yake.

Gharama isiwe kizuizi. Sheria ya Uswidi ya kuzuia magonjwa ya kuambukiza, smittskyddslagen ya mwaka 2004, inaihesabu homa ya ini B na C miongoni mwa magonjwa hatari kwa umma. Vipimo na dawa ambazo daktari ameona zinahitajika ili kupunguza hatari ya maambukizi havilipiwi na mgonjwa.

Kuhusu aibu, yafaa kusemwa waziwazi: homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mikono, kukumbatiana au kutumia choo kimoja. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Wembe na mswaki havishirikiwi. Mgonjwa aliyetengewa kikombe chake na jamaa zake ametengwa bila sababu, na mara nyingi mtu wa namna hiyo huanza kuficha dawa, kisha huziacha.

Wenye homa ya ini C wana habari njema zaidi. Dawa za kisasa huiponya kabisa kwa zaidi ya watu 95 kati ya kila 100, kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Hata hivyo, mwenye makovu huendelea kupimwa ini baada ya virusi kutoweka.

Jikoni na kabatini

Pombe haina kiasi salama kwa ini lililofanyiwa upasuaji wa saratani. Sigara pia huongeza hatari. Kisukari na unene uliozidi huharakisha makovu, nao huongezeka katika miaka ya kwanza ya maisha ya ugenini, ambapo soda na mikate hushika nafasi ya mboga na matembezi. Kahawa, kwa upande wake, imeonekana katika tafiti nyingi kuambatana na hatari ndogo ya saratani ya ini, kwa hiyo anayeipenda hana haja ya kuiacha.

Jamaa wengi humkataza mgonjwa nyama, mayai na samaki kwa kuamini kwamba ini haliviwezi. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini humdhoofisha. Ini linalokua na misuli iliyokonda vyote huhitaji protini: maharage, dengu, samaki, mayai, maziwa. Mwenye makovu huhitaji pia kula kidogo kabla ya kulala, kwa sababu ini lake halihifadhi nguvu ya kutosha hadi asubuhi. Kwa sababu hiyo hiyo, saumu ya Ramadhani izungumzwe na daktari mapema, hasa miaka ambayo mwezi huo huangukia majira ya joto na mchana wa Stockholm huwa mrefu kupita kiasi. Uislamu unamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, au kutoa fidia ikiwa ugonjwa wake ni wa kudumu.

Sumukuvu ni jambo ambalo wahudumu wa Uswidi huenda wasiliulize. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa penye unyevu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kwa dozi ndogo za miaka mingi haiui mara moja; huongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini B. Kupika hakuiondoi. Unga na karanga zinazouzwa madukani Uswidi hukaguliwa chini ya viwango vya Umoja wa Ulaya. Zile zilizoletwa kwenye sanduku kutoka nyumbani hazikukaguliwa na mtu. Mgonjwa wa ini asile karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu, hata kama zimetumwa na mama.

Mirungi, mbali na kuhesabiwa kuwa dawa ya kulevya kisheria nchini Uswidi, imewahi kusababisha homa kali ya ini kwa watumiaji. Dawa za mitishamba na vidonge vya kusafisha ini vinavyouzwa kwenye mitandao vina hatari kama hiyo, kwa sababu ini ndilo linalochuja kila kinachomezwa. Anayevitumia amweleze daktari bila woga wa kukemewa. Kwa maumivu ya kawaida, paresetamoli, inayouzwa kwa majina kama Alvedon, inaweza kutumika kwa kipimo alichopanga daktari, ambacho mara nyingi ni chini ya kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Ipren na dawa za jamii yake huweza kumtoa damu na kumdhuru figo mtu mwenye makovu; asizinunue bila kuuliza.

Barua na mkalimani

Ufuatiliaji baada ya upasuaji hufanywa kwa picha na damu. Kwa kawaida picha za CT au MRI hupigwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya kwanza, kisha huachana zaidi. Kipimo cha damu kiitwacho AFP husaidia, lakini kinaweza kuwa cha kawaida huku uvimbe upo, na hivyo hakichukui nafasi ya picha.

Miadi huletwa kwa barua ya Kiswidi iitwayo kallelse, au kupitia ukurasa wa mgonjwa katika 1177.se. Barua hiyo ikiwekwa pamoja na matangazo ya madukani, miezi 6 hupita. Kila mgonjwa wa saratani hupewa muuguzi wake, kontaktsjuksköterska, mwenye namba ya simu ya moja kwa moja. Ndiye wa kupigiwa ikiwa muda wa picha umefika na barua haijaja. Familia moja inaweza kumteua kijana mmoja wa kusoma barua zote za hospitali. Kumfanya kijana huyo mkalimani ni jambo jingine. Mtoto wa miaka 14 hawezi kubebeshwa mzigo wa kumwambia baba yake kwamba saratani imerudi, na hata jamaa mtu mzima hulainisha maneno ili asiumize. Mkalimani huagizwa na kliniki yenyewe, na ombi hilo hutolewa kabla ya siku ya miadi. Familia zilizotoka Kongo mashariki zieleze kwamba zinahitaji anayefahamu Kiswahili cha huko.

Kazi nayo hukatisha ufuatiliaji. Mgonjwa aliyeajiriwa hulipwa na mwajiri katika siku 14 za kwanza za ugonjwa, kisha Försäkringskassan huchukua nafasi. Kuanzia siku ya 8 hutakiwa cheti cha daktari. Ndugu au rafiki anayeacha kazi ili kumsaidia mgonjwa mahututi anaweza kuomba närståendepenning, hadi siku 100 kwa mgonjwa mmoja.

Safari ya kwenda kuona wazee haikatazwi. Ipangwe baina ya picha mbili, na dawa za muda wote wa safari na wiki kadhaa za ziada ziwekwe kwenye mkoba wa mkononi. Aliyepandikizwa ini hapaswi kuchanjwa chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa ina virusi hai. Nchi kama Uganda hudai cheti chake mpakani, hivyo aombe mapema barua ya msamaha wa kitabibu.

Wengine nyumbani

Mtu mmoja akikutwa na saratani iliyotokana na homa ya ini B, wapo wengine wa kupimwa: mama yake, ndugu wa tumbo moja, mwenzi wake na watoto. Kipimo ni cha damu na huombwa katika kituo cha afya cha mtaani, vårdcentral. Wengi hujibu kwamba wamekwisha kuchanjwa na huonyesha kadi ya njano waliyosafiri nayo. Kadi hiyo huthibitisha chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa tofauti kabisa na homa ya ini.

Asiye na virusi wala kinga huchanjwa mara 3 katika muda wa miezi 6. Watoto wadogo wa Stockholm hupewa chanjo hiyo pamoja na nyingine wakiwa na miezi 3, 5 na 12, na mtoto wa mama mwenye virusi huchanjwa mara tu anapozaliwa. Atakayekutwa na virusi hupangiwa vipimo vya damu na, daktari akiona hatari ipo, picha ya ultrasaundi kila baada ya miezi 6. Uvimbe unaoonekana kwa njia hiyo huwa mara nyingi wa sentimita 1 au 2, na kwa ukubwa huo karibu matibabu yote yaliyotajwa katika waraka huu bado yanawezekana.